Jua Mgongoni

Wifi mtu alikataa kukaa. Alisimama mlangoni mwa jiko, mkoba begani, macho yameganda kwenye meza, na juu ya meza palikuwa na bunduki.

"Toa hicho kitu kwanza," alisema.

"Haina risasi, wifi."

"Hata ile nyingine mliniambia haina neno."

Shabaha akaifunika kwa taulo. Ndiyo, Shabaha. Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika siku nyingi, maana tangu aajiriwe na ofisi ya wanyamapori hakuna mwanamume wala mwanamke aliyewahi kumshinda kwa kulenga. Mnyama mkorofi akivamia mashamba au akijeruhi watu, yeye ndiye anayepigiwa simu. Na huyu aliyenuna mlangoni ni mke wa kaka yake, na kaka mwenyewe ni mfuata nyayo wa ofisi hiyohiyo, jitu refu lenye maneno mengi, wanayemwita Pua kwa sababu eti ananusa nyayo. Ananusa wapi! Anaziangalia tu. Lakini hapo ndipo penye kazi: mfuata nyayo hutangulia mbele, kichwa kakiinamisha, mikono mitupu, macho chini. Kinachokuja hakioni. Wa kukiona ni yule wa nyuma mwenye bunduki. Asiyelielewa hilo asijisumbue kusikiliza yaliyobaki.

Msimu uliopita yule wa nyuma alichelewa. Walikuwa ndani ya kichaka kinene, nguruwe pori akachomoka ubavuni, Shabaha akainua bunduki ya ofisi, ile ndefu ya zamani, na mtutu ukanasa kwenye matawi. Akauvuta, ukagoma. Akauvuta tena kwa nguvu zake zote. Ulipoachia, nguruwe alikuwa ameshampasua Pua paja na kuondoka zake. Pua alilala hospitali mpaka wauguzi wakawa wanajua vichekesho vyake vyote, na alipotoka, mguu haukunyooka tena. Shabaha naye, tangu siku ile, usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Akifumba macho anausikia ule mtutu unavyokwaruza matawi.

Sasa ofisi imeleta bunduki mpya kwa majaribio, fupi, nyepesi, na Bosi ametamka mbele ya watu wote kwamba neno la mwisho ni la Shabaha. Akisema inafaa, itanunuliwa, na Pua atarudi porini kufuata nyayo. Akisema haifai, basi hakuna cha porini. Pua atakaa getini, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga.

"Sema haifai," wifi alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Neno moja tu, wifi yangu. Mimi sitaki makubwa. Nataka mume anayerudi nyumbani."

"Nidanganye?"

"Nani kasema udanganye? Tafuta kasoro. Kitu gani duniani hakina kasoro? Itafute, useme, tupumue."

Shabaha akainuka. Akawasha jiko, akabandika maji ya chai ambayo wifi hakuyangoja.

Kesho yake aliipeleka bunduki kwa Fundi, anayetengeneza bunduki za ofisi. Karakana ya Fundi ni chumba kimoja chenye harufu ya mafuta ya mashine, jiliwa kubwa la kubania vyuma limefungwa kwenye benchi, makopo ya skrubu yamepangwa dirishani, na redio isiyozimwa ambayo hakuna anayeisikiliza. Nyuma yake kuna banda refu la bati. Chini ya bati kuna meza, juu ya meza kuna magunia ya mchanga, na kwa mbele, mpaka kwenye ukingo wa kilima, ndipo vinapobandikwa vibao vya kulengea. Kila bunduki ya ofisi imepimwa chini ya bati hilo. Mvua ikinyesha hulowi, jua likiwaka huungui, na Fundi hujivunia banda lake kuliko nyumba yake.

"Kafupi," alisema Fundi akiipokea. "Lakini usikadharau, kana hasira."

Akamwonyesha. Mtutu ulikatishwa mapema, kwa hiyo bunduki nzima ilikuwa rahisi kubeba hata kwa mkono mmoja. Mkanda ulifungwa kwa namna ambayo ukiuvuta unakaza kiwiko, na mkono hautikisiki. Darubini ndiyo iliyokuwa kioja. Badala ya kukaa karibu na jicho kama kwenye bunduki nyingine, ilikuwa imesogezwa mbele kabisa, juu ya mtutu, kidogo kama kichupa. Unalenga macho yote mawili yakiwa wazi, huku unaona kilichopo ndani ya kioo na kila kinachotembea pembeni.

"Sasa nikupe na ubaya wake usije ukasema sikukuambia," Fundi aliendelea. "Wepesi huu utaulipia begani, inapiga teke huyo punda hasemi kitu. Kelele zake, mama yangu! Mtutu mfupi, mlio wote unakurudia usoni. Na hiki kioo hakikuzi sana. Mnyama akiwa mbali utamwona vilevile unavyomwona kwa macho makavu."

"Kichakani nani anapiga mbali?"

"Ndiyo maana nakuambia wewe na si mwingine."

Shabaha akapiga risasi kadhaa kutoka kwenye magunia. Kuku wa Fundi wakatawanyika hadi uani kwa jirani, na bega lake likaanza kuwaka moto, lakini matundu kwenye kibao yalikaa pamoja, yamebanana. Hilo alilitegemea. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa kingine. Kati ya ukuta wa karakana na lori bovu la Fundi kuna kijia chembamba, kimejaa vyuma na matawi ya mti uliojiotea. Shabaha akaingia humo, bunduki begani. Akageuka kushoto. Akageuka kulia. Akageuka nyuma kwa ghafla kama mtu aliyeitwa. Mtutu haukugusa kitu. Akarudia, akarudia tena, haraka zaidi, na katikati ya kugeuka huko machozi yakamtoka bila kutarajia, kwa sababu kumbe ingewezekana. Kumbe mwaka jana, na hii mkononi, kaka yake angekuwa anacheza mpira na wanawe.

"Vipi huko?" Fundi alipaza sauti.

"Vumbi," alijibu, akajifuta kwa mkono wa shati.

Kwa Bosi alisema yote. Alisema kuhusu teke na kuhusu kelele, akasema kioo hakikuzi, akasema na kuhusu kasha la risasi linalochomoza chini ambalo linachoma nyonga ukitembea nalo muda mrefu. Bosi, mtu mnene asiyependa maelezo, alimsikiliza huku akizungusha kalamu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo inafaa. Hainasi."

Bosi akaamua iende porini kwanza mara moja, Pua akiwa mbele, ndipo anunue.

Wifi alipopata habari hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Wakipishana sokoni anaangalia vitunguu.

Simu ikalia wiki hiyohiyo. Nguruwe dume mkubwa alikuwa anachimba viazi kwenye shamba moja nje ya mji, na mwenye shamba, mama mtu mzima, alipojaribu kumfukuza kwa debe na fimbo, akakimbizwa hadi juu ya paa la stoo yake. Akakaa huko mpaka jirani alipokuja. Bado alikuwa anatetemeka alipokuwa anawaelekeza, huku amekasirika vilevile.

"Msimtishe tu," alisema. "Mimi sitaki atishwe. Mimi nataka afe."

"Mama, tulia," Pua alimwambia. "Leo umeletewa mtaalamu. Na mimi hapa kilema nimekuja kumwonyesha njia."

Alikuwa na furaha, wacha! Alikuwa amefunga kamba mpya kwenye viatu, amenyoa ndevu, na tangu wanashuka garini mdomo wake haukuwa na breki. Aliinama kwenye matuta yaliyofumuliwa, akagusa udongo kwa kidole, akainuka. "Kapita sasa hivi. Kashiba, anaburuta miguu. Yuko kwenye kile kichaka pale mpakani mwa shamba, amejilaza, anatungoja."

Kwa njia fupi wangefika mara moja. Lakini Pua akazunguka. Alichukua njia ya mbali, akachechemea kando ya mfereji, akapita nyuma ya stoo, mpaka jua la asubuhi, ambalo lilikuwa bado chini kabisa, likawa nyuma yao. Hilo ndilo somo la kwanza kwa kila mtu wa kazi ile, na walifundishwa wote wawili siku moja: mwendee mnyama jua likiwa mgongoni kwako. Yeye linampiga machoni, wewe unamwona mpaka kope. Shabaha alimfuata bila kuuliza. Yeye mwenyewe angezunguka vilevile.

"Jua mgongoni," Pua alinong'ona, kama alivyokuwa akinong'ona kila mara kabla ya kuumia.

"Jua mgongoni," dada yake akajibu, na moyo wake, kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita, ukatulia.

Wakaingia kwenye majani marefu. Pua mbele, ameinama. Shabaha nyuma, bunduki kifuani, kidole nje ya kifyatulio. Matawi yalipita pande zote mbili na hakuna lililoshika kitu. Halafu kichaka kikatikisika upande wa kulia wa Pua, na nguruwe akatoka.

Hakutoka kukimbia. Alimfuata Pua moja kwa moja, kichwa chini.

Shabaha akainua. Ilipanda begani kama ilivyoahidi, haraka, nyepesi, haikugusa hata jani. Akaangalia kwenye kioo, na ndani ya kioo hapakuwa na kitu. Hapakuwa na nguruwe wala kichaka, wala ile alama ya msalaba ya kulengea. Palikuwa na mwanga tu, mweupe, umejaa kioo kizima kama shuka lililoanikwa. Alimsikia Pua anasema "We!" na kusikia mguu ule mbovu unavyokwama akijaribu kuruka kando. Akaacha kioo, akaelekeza mtutu kule alikodhani nguruwe yuko, na akafyatua.

Mlio ukamziba masikio. Akakoki, akafyatua tena kulekule.

Vumbi lilipotulia, nguruwe alikuwa amelala ubavu, miguu inacheza, na Pua amekaa chini karibu yake, mikono nyuma, kofia imemwanguka. Alikuwa anajipapasa. Alipapasa kifua, akapapasa paja zima, akapapasa paja bovu. Kisha akaanza kucheka.

"Mzima!" alipiga kelele. "Mzima mimi! Mdogo wangu, hicho kibunduki ni dawa! Umekiona? Hakikunasa!"

Shabaha akafunga usalama wa bunduki. Alichuchumaa kwenye majani akatapika chai yote ya asubuhi, na kaka yake akaja akichechemea kumpigapiga mgongo, akimtania kwamba hata akina mama wajawazito wana matumbo magumu kuliko yake.

Habari ilifika ofisini kabla yao. Walipoingia uani walikuta watu wametoka nje, makarani, madereva, Bosi mwenyewe, na wifi, ambaye mtu alimpigia simu akaja mbio na kandambili. Alimkagua mumewe toka utosini hadi unyayoni palepale mbele za watu, akamgeuza kama mtoto anayevalishwa sare. Alipoona hakuna tundu, akaketi kwenye ngazi na kujifunika uso. Pua akaanza kusimulia. Katika masimulizi yake nguruwe alikuwa ameshakuwa ndama, na meno yake yamefika huku, na Shabaha alimtungua kwa utulivu kama anayezima taa.

Shabaha alikuwa amesimama pembeni, upande wa ukuta. Aligeuka, akalipa mgongo jua ambalo lilikuwa bado halijapanda, akainua bunduki tupu kuelekea ukutani, akaangalia. Mwanga. Akasogea hatua, akaingia kwenye kivuli cha dereva mmoja wa lori aliyesimama karibu. Ukuta ukaonekana, na msalaba juu yake. Akatoka kivulini. Mwanga tena. Basi akajua, na alipojua akatamani asingejua.

Maana angalia alivyobanwa. Kaka yake anacheka, jambo ambalo hajalifanya hivyo kwa muda mrefu. Watu wanapiga makofi. Bosi ameridhika. Anyamaze tu, aende kwa Fundi kimyakimya wapate ufumbuzi, na hakuna hata mmoja atakayejua. Ni nani aliyekuwa nyuma yake kuangalia kwenye kile kioo? Hakuna. Akamwangalia wifi pale kwenye ngazi, uso bado umefunikwa, mabega yanapanda na kushuka.

"Haya, Shabaha," Bosi alisema. "Neno la mwisho. Tununue?"

"Sikumwona nguruwe," Shabaha alisema.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

"Sikumwona," alirudia. "Jua lilikuwa nyuma yetu, likaingia kwenye kioo kwa nyuma, kikawa cheupe chote. Sikuona kitu. Nilipiga kwa kukisia."

Vicheko vikafa kimojakimoja. Pua alikuwa bado ameinua mikono kuonyesha urefu wa meno. Akaishusha.

"Nilikuwa mbele," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua nilipo?"

"Nilijua ulipokuwa, kaka. Ulipo sikujua."

Pua alitingisha kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu jambo moyoni. Mkono wake ukaenda wenyewe kifuani, pale alipokuwa amejipapasa kule shambani, ukabaki hapo. Hakusema lolote. Pua, mtu wa maneno! Alimshika mkewe mkono, akamwinua kwenye ngazi, wakaondoka.

Fundi, alipoelezwa, alijipiga paji la uso. Kwenye bunduki za kawaida, alisema, kioo kiko karibu na jicho, kichwa chako na kofia yako vinakitia kivuli. Hii kioo chake kiko mbele peke yake, jua likitoka nyuma na liko chini, linaingia bila hodi. "Na mimi na banda langu!" alilalamika. "Bati! Miaka yote hii nawajaribishia kivulini!" Akakata kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akakizungusha nyuma ya darubini kikawa kama ukingo wa kofia, akakibana kwa waya. Wakatoka bandani, wakasimama juani kweupe, jua likiwachoma visogo. Kioo kilikuwa safi. Kazi yote haikumaliza hata kipindi kimoja cha redio.

Basi bunduki ikanunuliwa, pamoja na kipande chake cha mpira. Faida zake ni zilezile, na hasara zake zimepungua moja. Bosi akamwita Pua, akamwambia arudi kazini.

"Mguu unaniuma, Bosi," Pua alisema. "Niweke getini."

Shabaha alikuwepo ofisini humo. Huyu ni mtu aliyeshonwa paja akawa anawatania wauguzi kuhusu ushonaji wao. Hajawahi, hata siku moja, kusema mguu unamuuma.

Wifi alikuja jikoni jioni ile, na safari hii aliketi. Alikunywa chai. Alimshika Shabaha mkono juu ya meza, akamwambia, "Ahsante kwa kusema. Mungu akupe." Alimaanisha kila neno, na kila neno lilimwingia Shabaha kama mwiba. Alilia mbele yake bila kujificha, na wifi akafikiri analia kwa furaha.

Siku hizi anayetangulia mbele ya Shabaha ni mfuata nyayo mwingine, mtu mkimya, mzuri tu. Kila wanapotoka, Pua ndiye anayewafungulia. Getini amechangamka, anataniana na madereva, anajua nani kagombana na mkewe. Gari la Shabaha likifika humsalimu vizuri. "Hujambo, mdogo wangu. Mwende salama." Lakini Shabaha hukaa mbele na bunduki yake ikiwa imesimama kati ya magoti, tupu, imefungwa usalama, mtutu umeelekezwa dirishani upande wake, na ameona kwamba kaka yake, kabla ya kuinua ile boriti ya geti, huzunguka gari na kuisukuma juu kwa mikono kutoka upande wa dereva, ingawa kamba ya kuinulia iko upande wa Shabaha, na mguu wake ni ule ule.

Asubuhi moja, walipolikaribia geti, aliihamisha bunduki, akauelekeza mtutu upande wa dereva, apate tu kumwona kaka yake karibu.

Pua akaja upande wa dereva kama kawaida, akauona mtutu kwenye kioo cha mbele, akasimama kidogo. Kisha akachechemea kuzunguka gari, akaenda upande wa Shabaha.